Nani Aliipanga Dar es Salaam?

Lipo neno ambalo afisa wa ardhi hulitamka bila kusita, mwandishi wa habari huliandika bila kuuliza, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huja nalo darasani kana kwamba ni jina la maradhi yaliyokwisha kupimwa: makazi holela. Holela ni kitu kifanywacho ovyo, pasipo utaratibu. Kwa hiyo tunapolitumia neno hili tumekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Tumesema kwamba mwenye ramani ndiye mwenye utaratibu, na aliyejenga bila ramani amejenga kama kuku apekuavyo jalala. Inakadiriwa mara nyingi kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Ikiwa hukumu yetu ni sahihi, basi sehemu kubwa ya jiji kubwa kuliko yote nchini ni ovyo tupu.

Hukumu hiyo ina matokeo. Siku alama ya X nyekundu inapochorwa ukutani mwa nyumba ya mtu, neno “holela” huwa limekwisha kuitangulia na kuitengenezea njia. Ndiyo maana nataka turudi nyuma kidogo, tuulize swali ambalo katika ofisi zetu za mipangomiji huulizwa kwa nadra: ni nani hasa aliyeipanga Dar es Salaam, alimpangia nani, na alijenga kwa kitu gani? Siku hizi kila andiko la mradi lina neno “endelevu”. Sina ugomvi na neno hilo. Ninachosema ni kwamba jiji hili lilikuwa na elimu yake ya ujenzi na ya ujirani kabla ya neno hilo kutufikia, na kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo tumeibomoa kwa mikono yetu.

Mistari ya kwanza

Kabla ya mji palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliamua kujenga bandari mpya mahali hapo, akaanza kuinua majengo ya mawe ya tumbawe kando ya maji. Alifariki mwaka 1870 na kazi ikalala. Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walikuta mji mdogo ulioanza kuchakaa, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi.

Kanuni hizo ndizo ramani yetu ya kwanza, na yafaa tuitazame vizuri, kwa maana kivuli chake bado kinatufunika. Hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu kwa kila mstari. Zilitaja vifaa. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, ziliruhusiwa nyumba imara za mtindo wa Kizungu. Nyuma yake yakafuata majengo ya biashara. Nyumba za miti na udongo zikasukumwa pembeni. Udongo na makuti, vilivyokuwa vifaa vya ujenzi vya kila siku katika pwani yote, vikageuzwa kuwa kipimo cha mahali mtu anapostahili kuishi. Aliyejenga kwa tumbawe na chokaa alikuwa raia wa mji. Aliyejenga kwa boriti na udongo alikuwa mgeni wa muda, hata kama babu yake alizikwa Mzizima.

Kuelekea mwaka 1914 utawala wa Kijerumani ulikwisha kununua shamba kubwa magharibi mwa mji na kulikata kwa mistari iliyonyooka ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vilipokuja, Waingereza wakaliweka hapo jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Katika miaka ya 1920 Waingereza wakaukamilisha mgawanyo kwa kanda tatu, ambazo wenyeji walizipa majina yanayosema kweli zaidi kuliko gazeti la serikali: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja. Leo twaupenda uwanja huo kwa kumbukumbu za harakati za uhuru, lakini ulianza kama ukanda wa kutenga watu kwa kisingizio cha afya.

Mpango wa kwanza wa kitaalamu wa jiji zima ulitoka mwaka 1949, kwa kalamu ya kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb. Ulizungumza juu ya mitaa yenye huduma zake na mikanda ya wazi ya kupitisha upepo, mawazo mazuri kwa mji wenye joto kama wetu. Lakini makazi yaligawanywa kwa msongamano wa juu, wa kati na wa chini, na kila aliyeusoma alijua msongamano gani ulikuwa wa rangi gani. Hapo ndipo tulipojifunza ujanja ambao haujatutoka: kuandika ubaguzi kwa lugha ya kitaalamu.

Nyumba yenye ukumbi katikati

Wakati ramani zikichorwa, watu walikuwa wakijenga. Walichojenga kilikuwa na utaratibu uliofuatwa kutoka nyumba hadi nyumba kwa uaminifu ambao sheria ya serikali haikuwahi kuupata. Naizungumzia nyumba ya Kiswahili.

Mbele ni baraza, mahali pa salamu, pa bao, pa biashara ndogo na pa kupumzisha mgeni asiyepaswa kuingia ndani. Ukivuka mlango unaingia ukumbi mrefu unaopita katikati hadi nyuma, vyumba vikiwa vimepangana kushoto na kulia, mara nyingi vitatu kila upande. Nyuma kuna ua wenye jiko, bafu, choo na stoo. Ukumbi unapitisha hewa kutoka barazani hadi uani. Ua ni eneo la wanawake na watoto, lenye stara na mwanga. Vyumba ni vya familia, lakini pia ni vya kupangisha, kwa hiyo nyumba moja ilimtunza mwenye nyumba katika uzee na ikampokea kijana aliyeshuka jana kwenye treni kutoka bara. Benki ya nyumba ilikuwa ni nyumba yenyewe.

Kuta zilisimamishwa kwa boriti za mikoko, zilezile ambazo kwa karne nyingi majahazi yalizibeba kutoka delta ya Rufiji na pwani nyingine hadi Uarabuni na Ghuba. Fito zikafungwa kwa kamba, nafasi zikajazwa udongo na vipande vya mawe, ukuta ukakandikwa, na mwenye uwezo akapiga lipu ya chokaa. Juu yakapigwa makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati. Ujenzi huu ulimruhusu mtu kuanza na chumba kimoja na kuongeza kadiri riziki ilivyopatikana. Ukuta ukibomoka, ulikandikwa tena kwa udongo uleule. Ukihama, boriti zilizo nzima ulizichukua.

Sisemi kwamba nyumba hii haikuwa na kasoro. Makuti yaliungua, mchwa walikula fito, mvua kubwa iliosha kuta, na choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima kilileta kipindupindu bila kujali uzuri wa utamaduni. Ninachosema ni kwamba ilikuwa na mantiki ya hali ya hewa, ya uchumi na ya ujirani. Mpangaji wa mji angeweza kuanzia hapo, akaitibu kasoro, akaacha mantiki. Hakuanzia hapo.

Uhuru na tingatinga

Mtu angetegemea uhuru ubadilishe macho. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na moja ya kazi zake kubwa katika miaka ile ikawa kusafisha kile kilichoitwa vitongoji duni: kubomoa nyumba za miti na udongo katika maeneo kama Magomeni na kujenga za matofali ya saruji mahali palepale. Nia ilikuwa njema. Viongozi wetu wengi walikuwa wamefundishwa kwamba nyumba ya udongo ni alama ya unyonge, na ni nani aliyetaka taifa huru lionekane nyonge?

Lakini hesabu ilikuwa ngumu. Shilingi iliyotumika kubomoa nyumba na kuijenga upya haikuongeza nyumba hata moja kwa mtu aliyefika jana mjini. Mji nao ulikuwa ukikua kwa kasi. Katika sensa ya 1967 jiji lilikuwa na watu wapatao 270,000, na sensa iliyofuata ya 1978 ikakuta idadi hiyo imezidi mara mbili kwa mbali. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ubomoaji huo uliachwa. Hata hivyo, wazo la kwamba nyumba ya maskini ni uchafu wa kufagiwa lilibaki likisubiri wakati wake.

Mwaka 1968 ukaja mpango kabambe wa pili, ulioandaliwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Mwaka 1979 ukaja wa tatu, nao kutoka kwa kampuni ya Toronto. Sina chuki na Toronto, na baadhi ya michoro yao ni ya ustadi. Ila mtu akitaka kujua kwa nini watu wa Buguruni hawakuiona mipango hiyo kuwa yao, na aanze na anwani ya walioichora. Ilidhani serikali ingekuwa na fedha za kulipa fidia, kupima viwanja, kufungua barabara na kupeleka maji kabla ya watu kufika. Watu walifika kwanza, kama wafikavyo siku zote.

Mwaka ambao serikali ilibadili mawazo

Mwaka 1972 ni mwaka ninaotamani kila mtumishi wa halmashauri aujue kama ajuavyo tarehe ya mshahara. Mwaka huo serikali iliacha rasmi msimamo wa kubomoa, ikakubali kwamba makazi yaliyojengwa na watu wenyewe ni rasilimali ya taifa inayopaswa kuboreshwa. Mwaka huohuo ikaanzishwa Benki ya Nyumba Tanzania. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukaanza mradi wa viwanja vyenye huduma na uboreshaji wa makazi. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni yalikuwa maeneo mapya: serikali ilipima, ikachonga barabara, ikapeleka maji, kisha ikamwachia mwananchi ajenge. Manzese, iliyokuwa imekwisha kujaa, ikapelekewa barabara, maji na huduma bila kuhamisha watu wake wote.

Angalia ukubwa wa kiwanja katika mradi ule: kiasi cha mita za mraba 288. Ni kiwanja kidogo, lakini kinatosha nyumba ya Kiswahili, ua wake na wapangaji wake. Aliyekipima alikuwa amemtazama mtu anavyoishi kabla ya kufungua daftari.

Nusu karne baadaye tunaweza kupima matokeo. Pita Sinza leo. Barabara zilizoachwa wakati ule ndizo zinazobeba magari, maduka na mifereji. Nyumba zimepanda ghorofa, zimebadilika matumizi, lakini mistari imeheshimiwa kwa sehemu kubwa. Wachumi waliolinganisha maeneo haya miongo kadhaa baadaye walikuta kuwa sehemu zilizopimwa kabla ya watu kujenga zina nyumba bora kuliko zile zilizoboreshwa baada ya kujaa. Somo hili haliwapendezi watetezi wa ubomoaji, wala haliwapendezi sana wale kati yetu wanaharakati tunaodai kuwa kila kitu kilichojengwa na watu kinatosha kama kilivyo. Kuchora mstari mapema kunasaidia sana. Lakini mstari uliosaidia ulikuwa mwembamba na wa bei nafuu: njia na mpaka wa kiwanja. Nyumba yenyewe aliachiwa mwenyewe.

Mradi ule nao ulikuwa na doa. Viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa wenye nafasi ofisini na wenye fedha. Msaada wa nje ulipokwisha mradi haukuendelea, na Benki ya Nyumba yenyewe ilifungwa mwaka 1995. Kisha, katikati ya yote haya, serikali za mitaa zenyewe zilikuwa zimefutwa katika mageuzi ya madaraka mikoani yaliyoanza 1972, na za mijini hazikurejeshwa hadi 1978. Kwa hiyo katika miaka ambayo jiji lilikua kwa kasi isiyo na mfano, halikuwa na halmashauri yake. Tunapomlaumu mwananchi kwa kujenga bila kibali, tukumbuke pia kuuliza: kibali angekiomba wapi?

Udongo, saruji na aibu

Hapa nataka nigeukie vifaa, kwa sababu mjadala wetu juu ya majengo endelevu umekuwa kama ni jambo lililoingia jana kwa ndege.

Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, juu ya kilima cha chokaa kaskazini mwa jiji. Lilikuwa jambo la fahari, na kwa haki. Lakini saruji haikuja kama kifaa tu. Ilikuja kama cheo. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika waziwazi juu ya hali hiyo. Aliona watu na watendaji wa serikali wakisubiri saruji na bati ilhali udongo wa matofali ya kuchoma na vigae umejaa chini ya miguu yao. Aliita hali hiyo aina ya kupooza akili, akadokeza kuwa saruji nayo ni udongo, isipokuwa umepewa uraia wa Ulaya.

Maneno yale yalikuwa makali, na yalikuwa kweli kwa nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba aibu ya udongo haikuzaliwa vichwani mwa wananchi. Kanuni za ujenzi tangu 1891 zilikuwa zimewaambia kwamba nyumba ya udongo si nyumba, ni kibanda, na kibanda hakina fidia ya maana wala usalama. Mtu aliyetoa akiba yake yote kununua mifuko ya saruji hakuwa amepooza akili. Alikuwa ameisoma sheria vizuri kuliko waandishi wake. Alijua kuwa ukuta wa tofali za saruji ni hoja mbele ya tingatinga, na ukuta wa udongo si hoja. Saruji ilikuwa hatimiliki ya asiye na hatimiliki.

Serikali ilijaribu kulifanyia kazi jambo hili. Tangu miaka ya 1970 kitengo cha utafiti wa majengo, ambacho leo ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kimefanya majaribio ya matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na saruji kidogo, pamoja na yale yanayofungamana bila kuhitaji udongo mwingi wa kuunganishia. Teknolojia ipo, mafundi waliofunzwa wapo. Kinachokosekana ni mfano wa juu. Ofisi za serikali zilizojengwa kwa matofali hayo ni chache. Kisha tunashangaa kwa nini mwananchi anayaona kuwa tofali za maskini.

Nisieleweke vibaya kwamba nawinda zege kama adui. Mfano bora wa jengo la umma lililojua liko wapi duniani ni la zege: soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miamvuli iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuishusha kupitia nguzo hadi kwenye hifadhi ya maji chini ya ardhi. Pande ziko wazi, hewa inapita, joto linapanda juu na kutoka. Amuli alilitazama soko la chini ya mti na kulitafsiri kwa zege. Kabla hatujazoea kusikia juu ya uvunaji wa maji ya mvua katika semina za hotelini, soko la wauza nyanya lilikuwa limekwisha kulitenda. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko lile, na pamoja na hasara ya wafanyabiashara ulitukumbusha jambo lingine: jengo endelevu ni lile linalotunzwa.

Mifereji ya Hanna Nassif

Katika mwaka 1992 Dar es Salaam ilichaguliwa kuwa mji wa kwanza wa majaribio katika programu ya Umoja wa Mataifa ya miji endelevu. Mpango kabambe wa 1979 ulikuwa umekwisha kupitwa na wakati, na badala ya kampuni nyingine ya kigeni, wazo jipya lilikuwa kuwakutanisha wadau na kukubaliana juu ya vipaumbele: taka ngumu, maji machafu, masoko, maeneo hatarishi. Mikutano ilikuwa mingi kuliko utekelezaji, hilo lazima lisemwe. Lakini zipo sehemu ambako maneno yalishuka chini.

Hanna Nassif, katika Kinondoni, ni mtaa uliopo kando ya bonde la Msimbazi, na mafuriko yalikuwa mgeni wa kila masika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wakazi wake, kupitia jumuiya yao ya maendeleo, wakisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na wataalamu wa chuo cha ardhi, walichimba mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza njia kwa nguvu kazi ya mtaani. Waliochimba walilipwa, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Jumuiya ndiyo iliyoingia mikataba, ikasimamia fedha, ikazungumza na mwenye nyumba ambaye ukuta wake ulisimama njiani mwa maji.

Hilo la mwisho ndilo ningependa wanafunzi wangu walitafakari. Katika mradi wa serikali, ukuta uliosimama njiani huandikiwa X. Hapa palihitajika kikao. Mtu aliombwa kutoa hatua mbili za kiwanja chake, na waliomwomba walikuwa majirani ambao wangekutana naye kesho msikitini, sokoni au msibani. Mara nyingi alitoa. Hiyo nayo ni mipangomiji. Haina mhuri, lakini ina masharti, ina mashahidi na ina adhabu ya aibu kwa anayeivunja. Ndiyo mipangomiji ileile inayofanya kazi kila siku mtu anaponunua kipande cha ardhi Uswahilini mbele ya mjumbe na majirani wanaojua mpaka ulipo.

Kazi ile ya Hanna Nassif nayo ilituachia swali ambalo hatujalijibu. Mtaa ukipata mifereji na njia, thamani yake hupanda. Mwenye nyumba hushukuru, lakini mpangaji wa chumba kimoja hutazama kodi ikipanda na kuanza kutafuta chumba mtaa wa mbali zaidi, pengine bondeni. Tunaposema “ushirikishwaji wa jamii”, tukumbuke kwamba nusu ya jamii hulala katika chumba cha kupanga na haina kiti kwenye kikao cha wenye nyumba.

Bonde linalodai haki yake

Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mto Msimbazi ukachukua bonde lake lote, pamoja na Jangwani, na makumi ya watu wakafa. Serikali ikawahamishia baadhi ya walionusurika Mabwepande, pembezoni kabisa kaskazini mwa jiji. Kiwanja walipewa. Kibarua cha Kariakoo, shule ya watoto na jirani wa kukopesha kibaba cha unga havikupimwa pamoja na kiwanja. Baadhi walirudi bondeni. Desemba 2015 matingatinga yakaja.

Katika jambo hili sitaki kuwa mnafiki. Bonde la Msimbazi si mahali pa kulaza mtoto. Mtu anayedai haki ya wakazi kubaki mtoni ili asionekane anaunga mkono ubomoaji anaidai haki ya watu kuzama. Lakini anayesema “walionywa, wakakaidi” naye anaficha nusu ya habari. Mto haufuriki kwa sababu ya nyumba za bondeni peke yake. Unafuriki kwa sababu miinuko yote juu yake imefunikwa kwa bati, lami na zege. Unafuriki kwa sababu ua wa udongo uliokunywa mvua sasa umesakafiwa, na taka zisizozolewa zimeziba mifereji. Mchanga unaojaza mto umeshuka kutoka kwenye vilima tulivyovifyeka. Maji yaliyomfikia mkazi wa Jangwani yalipitia kwanza katika ua wa kila mmoja wetu, pamoja na mimi ninayeandika haya nikiwa kwenye kiinuko.

Hata hapo lipo la kujifunza. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa jijini, wakishirikiana na wakazi wa kata zenye mafuriko, waliingia mitaani katika mradi wa Ramani Huria wakiwa na simu na vifaa vya satelaiti, wakachora kila njia, mfereji na nyumba. Waliuliza wazee maji yalifika wapi mwaka fulani, wakapima alama ukutani. Uswahilini ulichorwa kwa undani, na waliouchora walikuwa watu wanaojua njia ya mkato iko nyuma ya banda la nani. Mwaka 2018 ukafanyika mchakato wa pamoja wa kubuni mustakabali wa bonde, wataalamu, taasisi na wakazi wakiwa meza moja. Mradi mkubwa uliotokana na hayo sasa unaendelea. Utahukumiwa kwa jambo moja kuliko mengine yote: walioondolewa wamekwenda wapi, na wanakwenda kazini kwa nauli kiasi gani.

Tunadaiwa nini

Kati ya mpango kabambe wa 1979 na ule wa 2016 hadi 2036 imepita karibu miaka arobaini. Jiji lilitoka chini ya watu milioni moja hadi 5,383,728 katika sensa ya 2022. Nani aliipanga Dar es Salaam katika miaka hiyo? Jibu ni kwamba ilipangwa na mjumbe, fundi, mwenye shamba aliyekata vipande, mama aliyeongeza chumba cha kupangisha, na kijana aliyebeba tofali nne kila mwisho wa mwezi. Walipanga kwa kadiri walivyojua na kwa kadiri walivyoachiwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulipoanza mwaka 2002, huko Bunju, Toangoma, Buyuni na kwingineko, viwanja vingi vilikuwa vikubwa na bei yake haikuwa ya mtu huyu. Tulikuwa tumelisahau somo la mita 288.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, naomba mambo matatu yasiyohitaji mkopo. Kwanza, pimeni mapema na pimeni vidogo. Nendeni Chanika, Kivule na pembezo nyingine kabla ya nyumba, mkaache njia na mikondo ya maji, hata kama hamna fedha za lami. Pili, jengeni ofisi ya kata inayofuata kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, yenye baraza pana na ukumbi unaopitisha hewa, ili mwananchi aone kuwa serikali haioni aibu. Tatu, mpeni mpangaji kiti kwenye kikao.

Kwa wanaharakati, tusiigeuze Uswahilini kuwa picha ya kupendeza. Mkazi wake anataka choo kisichofurika na gari la zimamoto lenye pa kupita, na hayo yanahitaji mtu kuchora mstari na mtu mwingine kusogeza ukuta.

Na kwa wanafunzi wangu, kazi ya muhula ni hii. Chukueni mtaa mnaoishi, uwe umepimwa au haujapimwa. Ulizeni nani alikuwa wa kwanza kujenga, alijenga kwa nini, mpaka ulikubaliwa mbele ya nani, na maji ya mvua yanakwenda wapi. Andikeni majibu. Mkimaliza, rudini na lile neno holela mkononi, mniambie kama bado lina mahali pa kukaa.